Namna ya Kusimama Mbele ya Picha

Mtu anayeijua sanaa hutambulikana kwa miguu yake kabla hajafungua kinywa. Ukumbi umejaa, vinywaji vinazungushwa, watu wanapigana picha za simu, na yeye amesimama mbele ya kazi moja, hana haraka. Anasogea karibu, anainama kidogo, anaangalia ubavuni mwa turubai ambako rangi imevuka ukingo. Anarudi nyuma hatua nne, tano. Anakwenda kutazama kazi nyingine, halafu anairejea ile ya kwanza.

Wasikilizaji, mazungumzo haya ni ya wale waliowahi kualikwa kwenye maonesho ya sanaa, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au kwingineko, wakaingia ukumbini na wasiwasi mmoja moyoni: wafanye nini waonekane wanajua wanachokitazama? Wasiwasi huo una haki yake. Kumbi za sanaa zina namna ya kumfanya mgeni ajione ameingia chumba cha watu wakubwa bila kubisha hodi. Lakini njia fupi ya kuonekana mjuzi ni kufanya yale ambayo wajuzi huyafanya, na mengi ya hayo hayadai shahada, hayadai suti, wala hayadai Kiingereza cha kuuma meno.

Kubwa kuliko yote ni muda. Mwaka 2001 watafiti wawili, Jeffrey Smith na Lisa Smith, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Waliwafuatilia wageni 150 na kupima ni kwa muda gani kila mmoja alisimama mbele ya kazi sita mashuhuri. Wastani ulikuwa sekunde 27. Hata hizo 27 zilivutwa juu na wachache waliokawia. Muda wa katikati kabisa, ule unaowagawa watazamaji mafungu mawili, ulikuwa sekunde 17. Utafiti huo uliporudiwa Chicago na matokeo yake kutolewa mwaka 2017, wastani ulikuwa karibu uleule, chini ya sekunde 29, ila safari hii watu walikuwa wakigeuza mgongo wajipige selfi na picha nyuma yao. Kwa hiyo mtu atakayesimama dakika tano mbele ya kazi moja amekwisha kuwaacha mbali wengi waliomo ukumbini, na watu wataanza kumwangalia kwa heshima kabla hajatamka neno.

Na dakika hizo tano si za maigizo. Jennifer Roberts, profesa wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Harvard, huwataka wanafunzi wake wakae mbele ya kazi moja kwa saa tatu nzima. Yeye mwenyewe alifanya hivyo mbele ya picha iliyochorwa na John Singleton Copley mwaka 1765, ya mvulana aliyeketi mezani na kindi wake aliyefungwa mnyororo. Roberts ameeleza kwamba ilimchukua dakika tisa kugundua kuwa umbo la sikio la mvulana linarudiwa katika manyoya ya tumbo la kindi. Ilimchukua dakika 21 kuona kwamba vidole vinavyoshika mnyororo vimeachana kwa upana uleule wa glasi ya maji iliyo chini yake. Huyo ni mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye jicho lililonolewa kwa miaka. Kama yeye alihitaji dakika 21, mgeni wa sekunde 17 ameona nini?

Sasa, mtu akiwa amesimama, aangalie nini? Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wamefundishwa kuuliza swali gumu mwanzoni: picha hii ina maana gani? Wahakiki wazuri huliacha swali hilo lingoje. Huanza na jepesi zaidi: kitu hiki kimetengenezwa kwa nini, na kimetengenezwaje?

Mfano ulio karibu ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanza kuchora, mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za kisanii. Alichora kwenye hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, zilizokatwa mraba wa kama sentimita 60, na rangi yake ilikuwa ya mafuta, ileile inayopakwa kwenye baiskeli na mageti. Kazi zake ziliuzwa Oyster Bay, kwenye eneo la Morogoro Stores. Mtazamaji akilijua jambo hilo moja tu la vifaa, mengi yanafunguka. Rangi ya geti inang'aa na haipokei maji, ndiyo maana picha hizo zina wekundu na ubuluu unaowaka hata kwenye chumba chenye giza. Hukauka polepole, na ikikauka hubaki bapa, haina milima na mabonde ya brashi. Ndiyo maana mchoraji hujaza eneo zima kwa rangi moja, akalisubiri, kisha akaja na mistari juu yake. Mraba wenyewe unadai mnyama atoshee humo, basi shingo ya twiga inapinda na mkia wa chui unajikunja kuifuata kona ya ubao. Mtu akiyasema haya mbele ya picha amesema jambo lenye uzito kuliko yule anayetamka kwamba picha ina uhai wa Kiafrika.

Tingatinga alikufa mwaka 1972. Polisi wa Dar es Salaam waliliona gari alimokuwa wakalidhania la wahalifu waliokuwa wakikimbia, wakafyatua risasi. Uchoraji wake wote, basi, ulikaa ndani ya miaka kama minne. Hilo ni jambo la kusikitisha, na pia ni kipimo mkononi mwa mtazamaji. Picha yenye saini yake na mwaka wa 1975 imejihukumu yenyewe. Na picha iliyojaa soko zima, basi la abiria, hospitali na kundi la pundamilia, vyote vimepangwa juu ya madoa madogo madogo, ina uwezekano mkubwa kuwa imetoka kwa waliomfuata. Yeye aghalabu alimweka mnyama mmoja peke yake, mkubwa, mbele ya mandhari tupu. Waliomfuata si wachoraji wa kubezwa. Baadhi walipanua mtindo hadi mahali ambapo mwanzilishi hakufika, na jina la mtu mmoja likawa jina la fani nzima. Ila mjuzi anatakiwa kujua anamtazama nani.

Hamia kwenye vinyago. Wamakonde waliovuka kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, walileta Tanzania ufundi wa mpingo, na Mwenge jijini Dar es Salaam bado zinasikika tezo na patasi mchana kutwa. Mpingo una kiini cheusi kinachoelekea hudhurungi, na kandokando yake tabaka la mti lenye rangi ya krimu. Ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Mtazamaji akiruhusiwa, akinyanyue kinyago: uzito utamwambia kitu. Akigeuze atazame chini ya kitako, mahali ambapo muuzaji asiye mwaminifu, aliyepaka mti mwingine rangi ya viatu, mara nyingi husahau kumaliza kazi yake. Kama ni nguzo ya ujamaa, ile ya watu waliobebana na kushikana hadi juu, atafute viungio. Havipo. Watu wote wale, babu, wajukuu, waliobeba mitungi na waliobeba watoto, wametoka ndani ya gogo moja.

Kisha aangalie pale pasipo na kitu. Katika vinyago vya mashetani, mtindo ambao mwanzilishi wake anatajwa kuwa Samaki Likankoa katika miaka ya 1950, matundu yana kazi kubwa kama mti uliobaki. Mchongaji ametoboa tumbo la shetani hadi ukuta wa nyuma unaonekana, akauacha mkono mwembamba kama kidole ukizunguka hewani na kurudi kushika sikio. Mtazamaji akizunguka kinyago pole pole, tundu linakuwa jicho, jicho linakuwa mdomo. Anayetazama kwa mbele tu, akaondoka, ameona robo ya kazi.

Huku ni kuhakiki, na watu wetu wanakuweza sana mahali pengine. Mama anayechagua kanga Kariakoo haambiwi na mtu. Anaikunjua doti, anatazama kama pindo limechapwa sawa na halikupinda kwenye kona, anapima mji una nafasi ya kutosha au umejazwa kupita kiasi, anasoma jina na kuuliza moyoni litamfikia nani likivaliwa, anafikicha kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada kujua kama kitachuja kwenye ufuaji wa kwanza. Anaweza kukataa kanga kumi na kutoa sababu kwa kila moja. Mama huyohuyo akiingia ukumbi wa sanaa, ananyamaza na kusema hayo ni mambo ya wasomi. Inauma kulisikia hilo, maana macho ameingia nayo, na ndiyo yanayotakiwa.

Ujuzi wa namna hiyo ndio unaomfungulia mtu kazi za Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950 anayeishi Uingereza, ambaye vyungu vyake vimo katika makumbusho makubwa ya dunia, yakiwemo ya London. Odundo hatumii gurudumu la mfinyanzi. Huupandisha udongo kwa mkono, pingili juu ya pingili, namna ile ambayo wafinyanzi wanawake wa sehemu nyingi za Afrika wamekuwa wakifanya, na sehemu ya ufundi huo alijifunza Abuja, Nigeria, katika miaka ya 1970. Hapaki vitu vya kung'arisha kama vioo. Mng'ao unaoonekana umetokana na kusugua, kusugua tena na kusugua. Chungu kikichomwa mara ya kwanza kwenye tanuri yenye hewa ya kutosha hutoka na wekundu wa machungwa. Kikirudishwa na hewa ikabanwa, moshi hukigeuza cheusi. Wakati mwingine mabaka yote mawili hukutana kwenye shingo moja. Mtu aliyekulia kijijini, akamwona bibi yake akifinyanga na kusugua mtungi kwa kokoto laini ya mtoni, ana cha kusema zaidi mbele ya chungu cha Odundo kuliko wengi wanaosoma maelezo ukutani. Aseme. Aulize kwa nini shingo imeinamishwa upande kama mtu anayesikiliza, na je, umbo lile bado ni la kutekea maji?

Maelezo ya ukutani nayo yana adabu yake. Wengi hukimbilia lebo kabla ya picha, na lebo ikishasomwa huwa vigumu kuona kisichoandikwa humo. Afadhali kutazama kwanza, kubahatisha, halafu kusoma. Na kusoma lebo ni ufundi: jina la msanii, mwaka aliozaliwa, jina la kazi, mwaka ilipotengenezwa, vifaa, vipimo, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, nani ameitoa au kuiazima. Katika vipimo, urefu wa kwenda juu ndio hutajwa kwanza, kisha upana. Makumbusho mengi huweka pia namba ya kumbukumbu, na mara nyingi mwaka wa kupokelewa umefichwa ndani yake. Katika British Museum vitu vingi vya Afrika vina herufi Af zikifuatwa na mwaka. Mtu anayetazama mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kuchukuliwa, kisha akauliza kitu kilifikaje hapo na kwa mkono wa nani, anauliza swali ambalo makumbusho ya Ulaya yanalazimika kulijibu siku hizi.

Baada ya vifaa na lebo, ndipo maana inapoingia, na hapo mtazamaji wa Afrika Mashariki ana mtaji ambao hauuzwi. Katika jumba la sanaa ya kisasa la New York, lile liitwalo MoMA, kuna picha ya mwaka 1956 ya Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na London, na ambaye baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko Uingereza. Jina la picha hiyo linaeleza wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mgeni wa New York ataona mandhari ya kigeni. Mtu wa Moshi ataona mbege. Anajua ndizi zilivyochemshwa, anajua kimea cha ulezi kilivyotiwa, anajua kwamba mzigo ule ni hatua katika mazungumzo ya koo mbili na kwamba kukosea hatua hiyo ni kuvunja heshima. Ntiro hakujishughulisha sana na sura ya mtu mmojammoja. Aliwachora watu kama kundi lililo kazini, na anayeujua uzito wa shughuli ile anaelewa kwa nini.

Ntiro huyohuyo ndiye aliyemwinua Jak Katarikawe, dereva kutoka Kigezi, Uganda, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa wachoraji wapendwa kabisa wa Nairobi hadi alipofariki mwaka 2018. Ng'ombe wa Katarikawe wanapendana, wanaoneana wivu, wanaota ndoto. Kwa watu wa sehemu zile, ng'ombe ni mahari, ni urithi, ni jina la kubembelezea mpenzi. Hakuna haja ya kutafuta nadharia kutoka Paris ili kueleza kwa nini ng'ombe wawili wa rangi ya zambarau wamegusanisha vichwa.

Elimo Njau naye, wa Marangu, alipopaka kuta za kanisa kuu la Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1950, aliweka maisha ya Yesu katikati ya vilima na migomba ya Uagikuyu. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Aliyesimama mbele ya ukuta ule bila kujua watu wa eneo hilo walikuwa wametoka katika nini, atasifu rangi na kupita. Anayejua, ataona uzito wa kumchora Mwokozi mweusi katika ardhi ile, miaka ile, huku wakoloni bado wako ofisini. Baadaye Njau alianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, nyumba ya sanaa iliyoongozwa na Waafrika wenyewe, na maisha yake yote alihimiza wasanii wasiige.

Lakini ujuzi pia hupotosha, na mwenye kutaka kusifiwa kwa ujuzi wake lazima alijue hilo. Katika karne ya 19 Mwitalia Giovanni Morelli alifundisha kwamba mkono wa mchoraji haujulikani kwa uso wa Bikira Maria, kwa kuwa hapo kila mtu hujitahidi; unajulikana kwa sikio na kucha, sehemu ambazo mkono huchora kwa mazoea. Kwa njia hiyo aliitambua picha iliyokuwa Dresden kuwa kazi ya Giorgione, wakati wenyeji wake walidhani ni nakala tu. Njia hiyo ingali inafaa. Hata kwenye picha za Tingatinga, jinsi mchoraji anavyoweka jicho la ndege au kucha za chui humtaja kabla ya saini.

Sasa msikilize Abraham Bredius. Alikuwa Mholanzi mwenye umri wa zaidi ya miaka 80 mwaka 1937, bingwa wa picha za karne ya 17, na aliletewa picha ya Yesu mezani Emau. Bredius kwa muda mrefu aliamini kwamba Johannes Vermeer, mchoraji wa karne hiyo, alichora picha za kidini ambazo hazijapatikana. Hii hapa moja! Aliitangaza kuwa kazi bora ya Vermeer, na ikanunuliwa kwa ajili ya jumba la makumbusho la Rotterdam kwa zaidi ya gulden 500,000. Mwaka 1945, baada ya vita, mchoraji Han van Meegeren alikamatwa kwa kosa la kumuuzia kigogo wa Kinazi, Hermann Göring, picha nyingine ya Vermeer. Kuuza hazina ya taifa kwa Wanazi kulikuwa uhaini. Ili kujiokoa, van Meegeren akakiri: Vermeer hizo alizichora yeye, ile ya Emau ikiwemo. Alikuwa amechukua turubai kuukuu, akachanganya rangi na aina ya plastiki ya bakelaiti, akaioka kwenye jiko ili ikauke na kupasuka kama ya kale. Hawakumwamini hadi alipochora nyingine chini ya ulinzi. Bredius hakukosa elimu. Alikuwa na hamu, na hamu ikamtangulia machoni.

Mhakiki anayeheshimika, kwa hiyo, huachia nafasi. Husema aonavyo, na huonesha kwa kidole mahali alipoona. Badala ya "picha hii ina nguvu", atasema: "Tazama, nyekundu iko mahali pamoja tu, hapa kwenye kitambaa cha mama, na jicho langu linarudi hapo kila nikiondoka." Sentensi ya pili inaweza kupingwa, na ndiyo sababu ina thamani: jirani anaweza kujibu kwamba kuna nyekundu nyingine kule kona, wakaanza kuzungumza. Wala hakuna aibu kusema kazi fulani haijamfikia mtu bado, mradi aseme ni wapi ilipomkwamisha.

Michael Armitage anafaa kwa zoezi la namna hii, kwani picha zake zinavuta pande nyingi. Alizaliwa Nairobi mwaka 1984, na hachori kwenye turubai ya pamba bali kwenye lubugo, kile kitambaa cha magome ya mutuba ambacho Waganda hukitwanga kwa nyundo za mbao, na ambacho kimetumika tangu zamani katika maziko na katika kuwasimika wafalme. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Ukisogea karibu na picha ya Armitage utaona matundu yaliyokuwa kwenye gome, na mishono mahali vipande vilipounganishwa, hakuvificha. Mshono mmoja unaweza kupita katikati ya uso wa mtu. Picha aliyoiita "The Fourth Estate", ya mwaka 2017, imetokana na mkutano wa upinzani wa kisiasa Nairobi, watu wakiwa wamepanda juu ya mti, na mpangilio wake unakumbusha mchoro wa Francisco Goya wa watu walioketi kwenye tawi. Mwenye kujua Goya atalitaja tawi. Mwenye kuwahi kusimama Uhuru Park kwenye jua la uchaguzi ataitaja miti. Mwenye kutoka Masaka atalitaja gome. Wote watatu ni wahakiki, na kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Mwaka 2019 picha nyingine ya Armitage iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 1.5, ingawa wauzaji walikuwa wamekadiria bei isiyofika hata laki moja. Bei huvuma sana kwenye mazungumzo ya ukumbini, pamoja na vile vitone vyekundu vinavyobandikwa kando ya kazi iliyokwisha nunuliwa. Ni habari ya soko. Inaeleza wanunuzi wangapi walishindana siku ile, haiielezi picha.

Kuna jambo ambalo mtazamaji makini hulifanya na linasahauliwa sana: kusoma orodha ya majina. Mwaka 2013 Kenya ilishiriki na banda lake kwenye maonesho makubwa ya Venice, na wengi wa walioonesha humo walikuwa Wachina na Waitalia. Mwaka 2015 orodha ilipotoka ikiwa ya namna ileile, wasanii wa Kenya walipaza sauti, wakakusanya saini, na serikali ikalazimika kujitenga na banda hilo. Michael Soi alichora mfululizo mzima wa picha kuhusu fedheha ile. Mwaka 2017 ndipo Venice ilipowaona Peterson Kamwathi, Paul Onditi, Arlene Wandera na wenzao chini ya jina la Kenya. Fedheha ile haikuhitaji jicho la Morelli. Ilihitaji mtu wa kuuliza nani ameonesha, nani ameachwa, na nani amechagua. Maswali hayo yanafaa kwenye ukumbi wowote, hata ule mdogo wa hotelini.

Usiku wa ufunguzi ni mbaya kwa kutazama. Migongo imezuia kuta, hotuba ni ndefu, na kila mtu anatafuta wa kusalimiana naye. Mwenye nia arudi siku ya kazi asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu na mwanga wa dirishani ukipiga kwa ubavu, kwa kuwa mwanga wa ubavu ndio unaofichua unene wa rangi na mahali mchoraji alipobadili mawazo. Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa jimbo wakati wa ukoloni, lina vitu alivyovikusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Kampala kuna ukumbi wa Makerere, chuo ambacho Margaret Trowell alianzisha mafunzo yake ya sanaa mwaka 1937. Dar es Salaam kuna Nafasi, Mikocheni, ambako wasanii wanafanyia kazi hapohapo na mtu anaweza kuwakuta na rangi mikononi.

Akiwakuta, aache kuuliza picha inamaanisha nini. Wasanii wameulizwa hilo hadi wamechoka. Aulize ni rangi gani ilitangulia. Aulize sehemu ipi ilifutwa. Kwa wachoraji wa ushirika wa Tingatinga, Oyster Bay, aulize rangi ya mafuta huchukua muda gani kukauka masika, wakati hewa ya pwani imejaa unyevu, na kwa nini mtu mmoja ana mbao tano mbele yake zilizoishia katika hatua tofauti. Ataoneshwa: huu una mandhari tu, huu una mwili wa ndege bila macho, huu unangoja madoa. Aulize pia ni nani aliyemfundisha aliyemfundisha huyu. Wachoraji wa pale wanaijua nasaba yao ya ufundi, na wengi wanaweza kuihesabu kurudi nyuma, mwalimu kwa mwalimu, hadi kwa Edward Saidi.